Sitini na Mbili kwa Bila



Sisi ni ndugu wawili tuliosoma katika madrasa hii mpaka mwaka 2016, wazazi wetu walipohamia Marekani, katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio. Tuliombwa tuandike machache kuhusu maisha ya kijana wa Kiislamu ughaibuni. Tukaona kuwa habari za theluji, na za kutafuta nyama ya halali, wenzetu wamekwisha kuziandika katika matoleo yaliyopita. Sisi tumechagua kuandika kuhusu kufungwa.

Usishtuke, ndugu msomaji. Si kufungwa jela. Ni kufungwa mchezoni, tena kule kufungwa ambako mtu akitajiwa hesabu yake huuliza mara ya pili, akidhani hakusikia vizuri.

MCHEZO WENYEWE

Wamarekani wanaposema futiboli hawakusudii mpira huu tunaoucheza sisi baada ya Alasiri. Wao wana mchezo wao. Mpira wake umechongoka ncha mbili, unabebwa mikononi, na wachezaji huvaa helmeti na vikinga mabega kwa sababu kuangushana ndiyo kazi yenyewe. Uwanja una urefu wa yadi 100 na kila upande una wachezaji 11. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Ikifanikiwa hupewa nne nyingine, na ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira mwisho wa uwanja kunaitwa tachidauni, na kuna alama 6. Kisha hupigwa teke la kupitisha mpira baina ya milingoti miwili, kwa alama 1 ya nyongeza. Mchezo wa shule za sekondari una robo nne, kila robo dakika 12.

Kuna jambo moja lazima lieleweke, kwani ndilo lililotupata. Timu iliyokamilika ina vijana 11 wa kushambulia na wengine 11 wa kuzuia. Mpira unapobadilika mikono, kundi moja hutoka kwenda kunywa maji na jingine huingia likiwa na nguvu zake. Shule kubwa huwa na vijana 60, 70 au zaidi. Timu yenye vijana wachache haina wa kutoka. Yule yule aliyeshambulia hubaki kuzuia, na yule yule aliyezuia hukimbilia mipira ya mateke. Ikifika robo ya pili, miguu imekwisha. Mtu akitazama ubao wa alama hudhani wale wengine wana vipaji mara kumi zaidi. Mara nyingi tofauti kubwa iko kwenye benchi. Wao wana watu wamekaa, na nyinyi hamna.

TULIVYOINGIA

Shule yetu, ambayo hatutaitaja, ilikuwa na kabati la vioo karibu na mlango mkubwa. Ndani yake mlikuwa na vikombe, na picha ya timu ya miaka ya 1970. Siku moja tulisimama tukahesabu vichwa pichani, tukafika 64. Mwaka 2018, tulipojiunga sisi, timu ilikuwa na vijana 19.

Wenyeji walitueleza jinsi ilivyopungua. Familia nyingi zilihamia pembezoni mwa jiji. Vijana wenye vipaji walichukuliwa na shule nyingine zenye viwanja vizuri. Makocha wanne walikuja na kuondoka katika muda wa miaka mitano. Wazazi wengine walisikia habari za kuumia ubongo wakawakataza watoto wao, na hatuwezi kuwalaumu. Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa tukiwa wadogo. Kule tuliona kuwa haba na haba pia hukimaliza.

Mkubwa wetu alikuwa darasa la 11, ana miaka 17. Kocha alimwona akipiga mpira katika kipindi cha mazoezi ya viungo, akastaajabu jinsi mguu wake ulivyo na shabaha, akamwita awe mpigaji mateke. Kwa kijana aliyekulia mchangani hapa kwetu, hilo halikuwa jambo gumu. Lakini mpigaji anahitajika timu inapofunga. Yetu haikufunga. Kazi yake ikawa kupiga yale mateke ya kuutupa mpira mbali pale nafasi zinapokwisha, yaani teke la kusema, "Chukueni, sisi tumeshindwa." Usiku mmoja alilipiga mara 11.

Mdogo wetu alikuwa darasa la 9, ana miaka 14 na mwili mwembamba. Kwa desturi, wadogo huwa na timu yao na hucheza na wadogo wenzao. Shule yetu haikuwa na vijana wa kutosha timu mbili, hivyo wote tuliwekwa pamoja. Aliingia kwa sababu kaka yake aliingia, na kwa sababu kocha alipita madarasani akiwaomba vijana waje.

Tunataka kumsema kocha kwa wema. Alikuwa Mkristo, mtu wa makamo, na alikuwa akipaka chokaa uwanjani kwa mikono yake. Alipojua kuwa hatuli nguruwe, akaanza kuagiza piza ya jibini tupu kwa timu nzima ili tusikae peke yetu. Michezo ilikuwa Ijumaa saa 1 usiku, na Magharibi ilituingilia tukiwa uwanjani. Wakati wa mapumziko tulikuwa tukiswali haraka katika stoo ya vifaa, na wenzetu wawili walisimama mlangoni ili mtu asiingie. Hawakuambiwa na mtu. Walianza wenyewe.

Tunayasema haya ili ijulikane tulikuwa na nini cha kupoteza. Hatukuwa na kikombe chochote mbele yetu. Tulikuwa na wale vijana wawili mlangoni.

USIKU WENYEWE

Mchezo wa saba, mwanzoni mwa Oktoba, tulicheza na shule iliyokuwa na vijana wapatao 70. Wawili wetu walikuwa wameumia wiki iliyopita, tukaenda 17. Tulipoteremka kwenye basi tuliwakuta wenzetu wamejipanga kwa mazoezi, nao wamejaa uwanja kutoka mstari huu hadi ule. Mmoja wetu akasema, "Hawa wamekuja na shule nzima." Tukacheka. Hicho kilikuwa kicheko cha mwisho.

Tulipokwenda mapumziko ilikuwa 48 kwa 0. Katika jimbo la Ohio ipo kanuni kwamba baada ya nusu ya kwanza, tofauti ikifika alama 30, saa ya mchezo haisimamishwi ovyo. Inakwenda mfululizo ili dakika zimalizike upesi. Kanuni hiyo imewekwa kwa huruma. Lakini hatukujua huruma inavyouma mpaka pale refa alipoonyesha ishara na saa ikaanza kukimbia. Ni kama mgonjwa kusikia daktari akimwambia muuguzi amalize haraka.

Wapinzani walitoa wachezaji wao wa kwanza, wakaingiza wa akiba, kisha wa akiba ya akiba. Kijana mmoja mfupi, bila shaka aliyekaa benchi msimu mzima, alipata mpira akakimbia mpaka mwisho. Benchi lao lote likaruka kwa furaha. Sisi tulikasirika, tukaona tunadhihakiwa. Miaka imepita, na sasa tunaona tulikosea. Kijana yule hakuwa na kosa. Huenda ndiyo tachidauni pekee aliyowahi kuipata maishani, na alistahiki kuifurahia.

Katika robo ya tatu kocha hakuwa na mtu mwingine, akamwingiza mdogo wetu kupokea mpira wa teke. Alipokea, akapiga hatua nne au tano, akaangushwa na kijana aliyemzidi sana mwili. Hakuchezewa vibaya, ila tu alichezewa na mkubwa. Akainuka mwenyewe. Tulishukuru kumwona ameinuka. Kisha akatembea taratibu, akaenda kukaa kwenye benchi la wapinzani.

Uwanja mzima ulinyamaza. Hakuwa anafanya mzaha. Hakujua kwao ni wapi.

Nahodha wa wale wenzetu ndiye aliyetangulia kuelewa. Alimvua helmeti polepole, akamshika mkono kama mtu anayemshika mtoto kuvuka barabara, akamrudisha kwetu kupita katikati ya uwanja. Ilikuwa 55 kwa 0 wakati huo. Mpaka leo hatulijui jina lake, na tunamwombea heri.

Ohio ina sheria, iliyoanza mwaka 2013, kwamba kijana mwenye dalili za mtikisiko wa ubongo atolewe mchezoni palepale, asirudi siku hiyo, na asicheze tena mpaka apate ruhusa ya maandishi ya daktari. Sheria ilifuatwa. Tulimpeleka hospitali, na alhamdulillah hakukutwa na damu kichwani. Njiani kurudi nyumbani aliuliza, "Tumefungwa ngapi?" Tukamwambia, sitini na mbili kwa bila. Baada ya dakika chache akauliza tena, "Tumefungwa ngapi?" Tukamjibu. Akauliza mara ya tatu. Mara ya tatu Mama akaanza kulia.

BARAZA LA NYUMBANI

Asubuhi yake baada ya Alfajiri, Baba alitukalisha. Mama ndiye aliyeanza, na maneno yake tunayakumbuka: "Mwili ni amana. Mtakwenda kuulizwa mliutumia katika nini. Mimi nimewaleta huku msome, sikuwaleta mpigwe vichwa." Akasema hataki kuona hata mmoja wetu amevaa zile nguo tena.

Baba alikuwa na rai nyingine. Aliuliza, "Mliwaahidi wenzenu kuwa mtamaliza msimu?" Tukasema ndiyo. Akasema, "Basi na ahadi nayo ni amana." Kwani tukitoka sote wawili, na wale wawili bado wanauguza majeraha, wangebaki 15, katika mchezo unaotaka 11 kila upande na vijana kuumia kila wiki.

Tulikaa kimya. Mdogo wetu alikuwa amelala chumba cha giza, mwanga ulimwuma macho. Mkubwa wetu alitaka kuendelea. Aliwafikiria wale wenzetu wa mlangoni. Alifikiri kuwa mtu akitoka wakati timu inafungwa amekimbia, na alikuwa amelelewa na msemo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Yeye alikwisha kukubali kushindwa mara saba. Hakuona kwa nini asikubali mara tatu zaidi.

Baba akampigia simu mwalimu wetu wa hapa madrasa, mwenyewe atajikumbuka akisoma haya. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Hakuhukumu baina ya Mama na Baba. Aliuliza swali moja tu: "Hao wadogo waliobaki, nyinyi mkiendelea kusimama nao, mnawalinda, au mnasaidia waendelee kupigwa?"

Swali hilo hatukuwa na jibu lake. Tulikuwa tukijiona wenye subira. Hatukuwa tumejiuliza subira yetu nani anailipia. Wanne katika timu walikuwa darasa la 9. Kila Ijumaa tuliyoifanya timu itimie, tuliwafungulia na wao mlango wa kuingia uwanjani.

Jumatatu mkubwa wetu alikwenda na manahodha kwa kocha. Wakamwambia wanataka wadogo wasichezeshwe tena na watu wazima. Kocha akatoa karatasi yake, akafuta majina, akahesabu yaliyobaki. Yalikuwa 11, na mmoja alikuwa bado anachechemea. Alikaa akiitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Kisha akasema kuwa yeye alikwisha kuwaambia wakubwa mambo haya tangu Agosti, na kwamba sasa atakwenda kuwaambia yanatoka kwa wachezaji wenyewe.

Shule ilifuta michezo mitatu iliyobaki. Wapinzani walipewa ushindi wa mezani. Kwa wiki kadhaa tulipita koridoni tukisikia maneno. Wengine walituita waoga. Mmoja aliuliza kwa nini tulivaa jezi kama tulijua hatuwezi. Hatukujibu, kwani kwa kweli hata sisi hatukuwa na hakika kama tumefanya sawa. Tunayaandika haya kwa sababu wengi wenu mtafikiri kuwa uamuzi wa haki huja na utulivu wa moyo papo hapo. Kwetu haukuja hivyo. Ulikuja na haya.

SI SISI PEKE YETU

Baridi ilipoingia tulikuwa na muda wa kusoma. Tulitaka kujua kama yametupata sisi tu. Tukakuta kuwa katika mwaka wa masomo 2008/2009 vijana wa sekondari waliocheza mchezo huu Marekani, ule wa watu 11, walizidi milioni 1.1. Miaka kumi baadaye walikuwa wamepungua kwa kiasi cha laki moja. (Baada ya hapo walipanda kidogo, wakazidi milioni 1.03 mwaka 2023/2024.) Laki moja katika nchi kubwa kama ile si nyingi, lakini hawakupungua sawasawa kila mahali. Shule yenye vijana 80 ikipoteza watano haijui. Shule yenye 24 ikipoteza watano imebaki na sisi.

Tukakuta pia kuwa vipigo ni vya zamani. Mwaka 1927 katika jimbo la Kansas, shule ya Haven iliifunga shule ya Sylvia 256 kwa 0. Tulisoma hesabu ile kwa sauti, na kwa mara ya kwanza mdogo wetu alicheka kuhusu mambo haya. Katika jimbo la Connecticut walijaribu dawa nyingine. Mwaka 2006 waliweka kanuni kuwa kocha atakayeshinda kwa tofauti ya zaidi ya alama 50 anaweza kusimamishwa mchezo mmoja, na baada ya miaka kumi wakaigeukia saa isiyosimama. Kule Nebraska, mwaka 1934, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, mwalimu mmoja aitwaye Stephen Epler aliona shule ndogo haziwezi kutimiza watu 11. Hakuwalazimisha watoto waenee mchezo. Alipunguza mchezo ukawaenea watoto, akabuni futiboli ya watu sita kila upande, nayo inachezwa mpaka leo, hasa katika shule ndogo za Texas. Huko, mmoja akiongoza kwa alama 45 wakati wa mapumziko au baada yake, mchezo huisha hapo hapo, na watu huenda kula chakula cha usiku.

Halafu Baba alitutafutia filamu iliyotoka mwaka 2011 kuhusu shule ya Fordson, iliyoko mji wa Dearborn, Michigan, mwendo wa kama saa tatu kwa gari kutoka kwetu. Wanafunzi wake wengi ni Waislamu wenye asili ya Kiarabu. Mwaka 2010 Ramadhani iliangukia Agosti, wakati wa mazoezi makali kabla ya msimu. Kocha wao, Fouad Zaban, aliyahamishia mazoezi usiku, kuanzia kama saa 5 mpaka karibu na daku, ili vijana waweze kunywa maji. Tulitazama filamu ile mara mbili. Mara ya kwanza tuliona saumu. Mara ya pili tuliona jambo jingine: pale mtoto anacheza katika shule aliyochezea ami yake. Watu hawakuondoka. Hiyo ndiyo iliyokuwa hazina ya kwanza, kabla ya helmeti wala uwanja.

DAFTARI

Msimu wa 2019 shule yetu haikupanga michezo na wakubwa. Kocha aliomba ratiba ya kucheza na timu za vijana wadogo za shule nyingine na shule chache ndogo kama yetu. Wapo waliosema ni aibu, shule yenye kabati la vikombe kucheza na watoto. Kocha akasema aibu ni kuwatoa watoto sadaka kwa ajili ya kabati.

Mdogo wetu hakurudi kuvaa helmeti. Mama hakuruhusu, nasi hatukushindana naye. Lakini hakutaka kukaa nyumbani, basi kocha akampa daftari la mahudhurio. Tangu Januari, kila siku ya mazoezi, aliandika nani amekuja na nani hakuja. Kwa mazoea ya chuoni kwetu, aliyekosa siku mbili aliulizwa habari zake. Mdogo wetu alimpigia simu, na asipopatikana tulikwenda nyumbani kwake. Mmoja tulimkuta analea wadogo zake kwa sababu mama yake anafanya kazi usiku. Tukamwambia awalete uwanjani, na wakaja, wakawa wanacheza pembeni na chupa za maji. Mwingine hakuwa na viatu, na alikuwa anaona haya kusema. Hakuna aliyekuwa mvivu kama tulivyodhani.

Daftari lile lilitufundisha kuliko michezo yote. Mdogo wetu aliligundua mapema: zile alama 62 hazikufungwa Ijumaa ile. Zilifungwa Februari, pale kijana wa kwanza alipoacha kuja na hakuna aliyemuuliza. Zilifungwa Juni, pale watano walipohama na sisi tukasema, "Shauri yao." Zilifungwa kila kocha alipoondoka na mtu asiulize sababu. Uwanjani ni kusomewa hesabu tu.

Agosti ilipofika daftari lilikuwa na majina 31. Si jeshi, lakini kulikuwa na wa kutoka kunywa maji. Mchezo wa nne tulifungwa 20 kwa 14. Mkubwa wetu alipiga mateke mawili ya nyongeza na yote yakapita, akapata alama mbili ambazo mpaka leo anazihesabu. Filimbi ya mwisho ilipolia, timu nzima ilikaa chini ikalia. Kocha akashangaa, akauliza kwa nini tunalia sasa, na tulipofungwa sitini na mbili hatukulia. Hakuna aliyemjibu, lakini sote tulijua. Sitini na mbili haikuwa mchezo, ilikuwa mvua iliyotunyeshea. Ishirini kwa kumi na nne ilikuwa yetu. Tungeweza kuishinda.

Msimu ule tulishinda michezo miwili. Hatukuwa mabingwa wa kitu chochote, na kabati la vioo halikuongezewa kikombe.

ADABU YA KUSHINDA

Mwaka 2021, mkubwa wetu akiwa amekwisha maliza shule, magazeti yaliandika kuwa katika mji wa Inglewood, California, shule ya Inglewood imeifunga shule ya Morningside ya mji huohuo 106 kwa 0. Walipokuwa na 104 kwa 0 washindi hawakutosheka na alama moja ya teke. Walijaribu alama mbili, kwa kuupeleka mpira mwisho wa uwanja kwa mara nyingine. Watu wengi walichukizwa, na shule ya Inglewood ikaomba radhi. Mwaka 2024 ilitangazwa kuwa Morningside ni miongoni mwa shule zitakazofungwa kwa sababu ya kupungua kwa wanafunzi. Tuliposoma habari hizo tulimkumbuka yule nahodha aliyemshika mkono mdogo wetu. Yeye pia alikuwa mbele kwa alama nyingi. Tofauti ni kwamba aliona mtu, na wale wengine waliona ubao.

Mnakumbuka kisa tulichosomeshwa hapa, cha Al-Adhbaa, ngamia wa Mtume (s.a.w.), ambaye hakuwa akishindwa mbio. Akaja bedui na ngamia wake kijana akamshinda, Waislamu wakaona uzito, na Mtume (s.a.w.) akawafahamisha kuwa hakuna kinachopanda katika dunia ila Mwenyezi Mungu hukiteremsha. Zamani tulikielewa kisa hiki kuwa ni liwazo kwa anayefungwa. Sasa tunaona ni onyo pia kwa anayefunga. Zile picha za kabatini, vichwa 64, hawakujua kuwa siku moja tutawahesabu.

NENO LA MWISHO

Ndugu zetu wanafunzi, wengi wenu hamtacheza mchezo huu, na wazazi msihofu, hatukuja kuwashawishi. Lakini nyinyi nyote mko katika kundi fulani: darasa la Qur'ani, timu ya mtaa, kikundi cha dufu, halaka ya baada ya Isha. Kila kundi lina daftari lake, hata kama halijaandikwa. Tazameni leo nani hayupo. Msingoje mpaka muwe 19. Nendeni mkabishe hodi kwake, kwani huenda anachokosa ni viatu tu.

Mkiwa mnafungwa, jiulizeni subira yenu nani anailipia, na msione haya kusimamisha mchezo mdogo anapoumia. Na mkiwa mnafunga, basi kumbukeni kuwa upande wa pili huenda yupo mtoto ambaye hajui benchi lake liko wapi. Mshikeni mkono mumrudishe kwao.

Mdogo wetu ni mzima, alhamdulillah, na kumbukumbu yake iko salama. Bado anatuuliza mara mojamoja, kwa mzaha sasa, "Tumefungwa ngapi?" Nasi humjibu kama tulivyomjibu usiku ule.